Je, wajua kwa nini mkaguzi wa hataza huhitaji macho ya umma?

Hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wako bila ruhusa, hutolewa kwa uvumbuzi mpya tu, na upya huo hupimwa kwa kulinganisha ombi na yale yaliyokwisha kujulikana kabla ya siku lilipowasilishwa. Kazi hiyo humwangukia mkaguzi mwenye saa chache kwa kila ombi, ambaye hutafuta zaidi katika hataza za zamani na majarida ya kisayansi. Maarifa mengi hayamo humo. Yamo katika kijitabu cha maelekezo ya mashine iliyokwisha kuacha kuuzwa, au katika tasnifu iliyojaa vumbi kwenye rafu ya chuo.

Kisa cha manjano, kile kiungo cha jikoni, kinalionyesha hili vizuri. Mwezi Machi 1995, Marekani ilitoa hataza namba 5,401,504 kwa matumizi ya manjano katika kuponya vidonda, tiba ambayo familia za India zilikuwa zikiitumia vizazi kwa vizazi. Baraza la utafiti wa kisayansi la India lilipoipinga, halikuishia kusema kwamba jambo hilo linajulikana na kila mtu. Lilipeleka maandiko 32, mengine yenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, yakiwemo ya Kisanskriti, pamoja na makala ya kitabibu ya mwaka 1953. Hataza ikafutwa mwaka 1997. Inaumiza kufikiri kwamba maandiko hayo yalikuwepo tangu mwanzo, ila hakuna aliyeyafikisha mezani kwa mkaguzi, wala aliyekuwa nayo asingejua kwamba yanahitajika, kwa kuwa wakati huo Marekani iliyaweka maombi siri hadi hataza itolewe.

Siku hizi maombi mengi huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, na hapo ndipo umma hupata nafasi. Mwezi Juni 2007, Chuo cha Sheria cha New York na ofisi ya hataza ya Marekani walianzisha jaribio lililoitwa Peer-to-Patent, ambapo watu wa kujitolea walisoma maombi kwenye intaneti, wakajadiliana, kisha wakampelekea mkaguzi ushahidi waliouona bora. Sheria ya Marekani ya mwaka 2011 ikaenda mbali zaidi: tangu Septemba 16, 2012, yeyote anaweza kupeleka andiko pamoja na maelezo mafupi ya namna linavyogusa madai ya mwombaji, yaani yale anayotaka yalindwe. Maelezo hayo, ambayo awali yalikatazwa, kwangu ndiyo badiliko kubwa kuliko yote, kwa sababu mkaguzi aliyebanwa na muda anahitaji kuonyeshwa aya ipi inajibu dai lipi, na andiko lina tarehe gani. Malalamiko marefu yasiyo na tarehe hayamsaidii.

Ulaya huruhusu hata maoni yasiyo na jina, bila ada. India huruhusu mtu yeyote kupinga ombi kabla halijakubaliwa. Kwa njia hiyo wanawake wawili waliopona kifua kikuu sugu walipinga ombi la hataza ya ziada juu ya dawa ya bedaquiline, nalo likakataliwa Machi 2023.

Mnamo Mei 24, 2024, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji mwenyewe ataje asili ya mmea au kiumbe ambacho uvumbuzi wake umejengwa juu yake. Chini ya kanuni hiyo, walioomba hataza ya manjano wangelazimika kueleza yalikotoka.