Kabla ya Kuchagua Upande, Pima Uzito wa Fundisho

Maprofesa wawili wa teolojia wanaweza kupingana, kila mmoja akiwa na hati ya Papa mkononi. Mwanafunzi anayeyumba hapo mara nyingi huuliza nani mhafidhina na nani mwanamageuzi, kisha anajiunga na kambi. Aulize kwanza: Kanisa Katoliki limelifundisha jambo hili kwa uzito gani?

Kanuni za 750 na 752 za Sheria ya Kanisa zinatofautisha ngazi tatu. Yapo yaliyofunuliwa na Mungu, yanayodai imani. Yapo yaliyotamkwa kwa namna ya mwisho kwa kuwa yameshikamana na ufunuo (kifungu hiki kiliongezwa 1998), nayo hushikwa kwa uthabiti. Halafu kuna mafundisho yasiyotamkwa kuwa ya mwisho. Haya yanadai utii wa kidini wa akili na utashi. Chini yake ndipo yalipo maoni ya wanateolojia.

Utajuaje? Lumen Gentium 25, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Kanisa, inataja vipimo vitatu: aina ya hati, jinsi fundisho linavyorudiwarudiwa, na namna lilivyosemwa. Hicho cha tatu ndicho kinachowaangusha wengi, kwa sababu wanasoma muhtasari badala ya hati yenyewe. Papa Pio XII, alipotangaza mwaka 1950 dogma (fundisho la imani lililotamkwa rasmi) ya Kupalizwa Mbinguni, yaani kuchukuliwa mbinguni mwili na roho, alisema Bikira Maria alipalizwa baada ya kumaliza mwendo wa maisha yake ya duniani. Maneno ya dogma hayasemi alikufa, wala hayasemi hakufa. Ukiandika kwamba dogma imeamua, umeipandisha hoja ngazi isiyo yake.

Kushusha ni kosa vilevile. Ordinatio Sacerdotalis, barua ya Papa Yohane Paulo II ya 1994, si tamko la ex cathedra (tamko rasmi la Papa lisiloweza kukosea), lakini inasema wazi kwamba waamini wote washike kwa namna ya mwisho kuwa Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake upadre. Kuiita maoni yake binafsi ni kutoisoma.

Na pale ambapo Kanisa limeacha wazi, acha wazi. Wadominiko na Wajesuiti, mashirika mawili ya watawa, walibishana vikali juu ya neema na uhuru wa mtu. Mwaka 1607 Papa Paulo V aliruhusu kila upande ushike maelezo yake, akakataza kuhukumiana. Uamuzi alioahidi kwamba ungetolewa wakati ufaao haujatolewa hadi leo.