Useremala wa mashine za mkono: yanayosemwa na yalivyo kweli

Dhana: Bila mashine kubwa ya kupasulia na mtaji mnene, huwezi kuanza.
Drili, msumeno wa duara wenye diski ya kipenyo cha milimita 185 na mashine ya msasa vinatosha kutengeneza rafu, stuli, hata kitanda. Pesa iliyobaki nunua klampu nne za kubania na skwea ya kupimia pembe mraba. Bana ubao ulionyooka juu ya kazi, msumeno uteleze kando yake, na mkato utatoka umenyooka. Meno yake hukata yakipanda juu, kwa hiyo uso mzuri wa mbao ulale chini. Diski itokeze milimita 5 tu chini ya mbao.

Dhana: Grainda ukiifunga diski ya meno, umepata msumeno wa bei rahisi.
Bei rahisi mpaka siku ya kwenda hospitali. Grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, msumeno wa duara kama 5,000. Diski ya milimita 185 haikutengenezwa kwa kasi hiyo, na haiingii kwenye grainda hiyo mpaka uvue kinga. Isitoshe, grainda haina bamba la kuilaza juu ya mbao: jino likinasa, mashine yote inakurukia. Grainda iachie chuma.

Dhana: Mbao ikitoka yadi ya Ndeeba, soko la mbao la Kampala, imeshakauka.
Nyingine imekauka, nyingi bado mbichi, hasa paini na kalitunsi (mkaratusi). Mbao hunywea kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki. Ndiyo maana meza nzuri ya leo huachia nyufa katikati baada ya miezi michache. Zipange kivulini, juu ya matofali, kila safu itenganishwe na vijiti vya inchi moja kila sentimita 50, na uzito juu ili zisipinde. Chukua kipande kimoja, kipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi. Mbao ngumu kama mvule, hesabu karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Dhana: Glovu hulinda vidole.
Kwenye kitu kinachozunguka, glovu huvutwa na mkono ukafuata. Vaa miwani, na barakoa pia: vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua.

Dhana: Ekstensheni yoyote inafaa.
Mashine ya wati 1,400 kwenye umeme wa volti 240 huvuta karibu ampea 6. Waya mwembamba wa redio hupunguza volti, mota ikalemewa na kuungua, halafu lawama ikaenda kwa aliyeiuza. Tumia waya wa milimita 1.5 za mraba, usiozidi mita 20, na kama umeviringwa kwenye rila, ufungue wote, kwa sababu ukibaki umeviringwa joto halina pa kutokea na plastiki huyeyuka.