Je, wajua? Kwa nini timu inayolinda mikimbio 430 haipaki basi

Kriketi niliijulia Nairobi. Februari 2003, kwenye Kombe la Dunia, Kenya ilipata mikimbio 210 (mikimbio ndiyo pointi za kriketi), kisha ikawatoa wapigaji wa Sri Lanka wakiwa na 157 tu, Collins Obuya akiangusha wiketi 5, yaani akiwatoa wapigaji watano. Hesabu ya siku ile ilikuwa nyepesi: kila timu ina ova 50, na kila ova ni mipira 6. Mzuie mwenzako asiifikie idadi yako, umeshinda.

Ndiyo maana nilipoanza kufuatilia Testi, mechi ya siku 5 ambamo kila timu hupiga kwa zamu 2, nilidhani manahodha wamechanganyikiwa. Mtu ana akiba ya mikimbio zaidi ya 400, wapinzani wanapiga zamu ya nne na ya mwisho, naye amewarundika watu wake karibu na mpigaji huku nusu ya uwanja ni nyasi tupu. Si apaki basi tu, kama timu ya soka inayorudi nyuma yote kulinda goli?

Kilichonipoteza ni neno "kulinda". Katika Testi, mikimbio mingi inakukinga usifungwe, lakini ushindi haikupi. Ushindi ni kuwatoa wapigaji 10 kabla muda haujaisha. Yule wa 11 akikosa mwenzake, zamu imekwisha. Muda ukiisha kabla ya hapo ni sare, hata kama wapinzani wameachwa mbali kiasi gani.

Waulize Australia. Adelaide, Novemba 2012, waliwapa Afrika Kusini shabaha ya 430, yaani mikimbio ya kufikia ili washinde. Afrika Kusini waliishia 248 kwa wiketi 8, pungufu ya 182, na mechi ikawa sare. AB de Villiers alikabili mipira 220 akapata mikimbio 33. Faf du Plessis, akicheza Testi yake ya kwanza, alisimama kwa mipira 376 na hakutolewa. Kupaki basi, kumbe, ni kazi ya anayefukuzia! Mrushaji wa Australia, Peter Siddle, alimaliza siku akiwa hoi, miguu ikiburuza.

Sasa hao watu wa karibu. Mpigaji mzuri anayejihami mara nyingi hutoka kwa kosa dogo: mpira unagusa ukingo wa gongo na kwenda pembeni, hatua chache tu, kabla haujafika chini. Akiwepo mtu pale akaudaka, mpigaji ametoka; asipokuwepo, kosa limepita bure. Ukiondoa mrushaji na mlinda wiketi (mdakaji wa nyuma ya mpigaji), nahodha amebaki na watu 9 wa kupanga. Fikiria juya. Haliwezi kuzunguka bahari nzima; ukilitandaza mno, samaki wanapenya pembeni, ukilikaza, eneo ni dogo lakini kilichoingia hakitoki. Kila mtu anayesogezwa karibu analipiwa: mpira ukipenya hadi mpakani, mikimbio 4 imekwenda. Ile akiba ya 430 ndiyo pesa ya kulipia juya. Nahodha mjanja hata huacha pengo mbele kwa makusudi, liwe chambo. Mpigaji aliyechoka kuzuia analiona pengo, ananyoosha mikono kuufuata mpira ulio mbali na mwili wake, na ukingo wa gongo unafanya yaliyobaki.

Ardhi nayo husaidia. Kufikia siku ya tano, pichi, kile kipande cha katikati chenye urefu wa mita 20 hivi, huwa imekauka na kupasuka kama ukuta wa udongo, tena viatu vya warushaji wa kasi vimeichimba. Zungusha pia, ile ya kuchezea watoto, kwenye sakafu laini, halafu uizungushe kwenye changarawe: hapo utamwelewa mrushaji anayezungusha mpira na sababu ya yeye kuyalenga mashimo yale.

Ila pichi haizeeki kila mara. Mwaka 2022 huko Edgbaston, Uingereza ilihitaji 378 dhidi ya India ikazipata kwa kupoteza wiketi 3, katika ova zisizofika 77. Mpira mpya, ambao warushaji wa kasi huusubiri kwa hamu, unaruhusiwa baada ya ova 80. India hawakuufikia. Bado, shabaha inayozidi 400 imefikiwa mara 4 tu katika historia ya Testi, kubwa zaidi ikiwa ya West Indies, 418 dhidi ya Australia, Antigua 2003.

Kioja kikubwa ni Durban 1939, mechi iliyopangwa kuchezwa hadi mshindi apatikane. Afrika Kusini waliwapa Uingereza shabaha ya 696. Mvua za usiku na roli la kushindilia ardhi vikawa vinaifufua pichi, na siku ya 10 ya mchezo wageni wakafika 654 kwa wiketi 5, zikabaki 42. Mvua ikashuka tena, na meli ya kurudi nyumbani ilikuwa ikiwasubiri Cape Town. Ikaandikwa sare, wakakimbilia treni.