Simu ya Marehemu: Ushahidi wa Mauaji Unavyopotea Kabla Polisi Hawajafika

Mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ukipigwa usiku katika vijiji vya Nzega, Igunga au Uyui, hapa mkoani Tabora, kijiji kizima hutoka. Ni desturi njema, imeokoa roho nyingi. Lakini pale ambapo aliyevamiwa amekwisha kukata roho, umati ule ule uliokuja kusaidia ndio unaofuta alama za muuaji. Nyayo zinakanyagwa, panga linaokotwa na kupita mikononi mwa watu wengi, mwili unafunikwa kwa khanga za majirani, na ndugu mmoja anachukua simu ya marehemu ili awapigie jamaa walioko Kahama na Dar es Salaam. Askari wakitoka wilayani kwa barabara zetu za vumbi, wanakuta msiba umekwisha kuwekwa.

Sisi wa uchunguzi wa kisayansi tunapopokea vielelezo vya mauaji yasiyojulikana aliyeyafanya, hasara kubwa tunayoikuta ni ya saa hizo za mwanzo. Nitaeleza zaidi juu ya simu, kwa sababu ndiyo inayoguswa kwanza na ndiyo isiyoeleweka vizuri.

Wengi wanaamini kwamba polisi wakienda kampuni ya simu watasikilizishwa mazungumzo yote ya marehemu. Sivyo. Kumbukumbu za kampuni zinaonyesha namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, tarehe, saa, muda wa maongezi, mnara uliotumika na namba ya utambulisho ya kifaa, yaani IMEI, yenye tarakimu 15. Maneno mliyozungumza hayamo. Simu za WhatsApp nazo haziandikwi kama simu za kawaida. Kampuni huona tu kwamba kifaa kilitumia intaneti. Kubipu pia, kwa kuwa simu haikupokelewa wala kulipiwa, mara nyingi hakuonekani katika kumbukumbu za malipo. Sasa fikiria mama aliyebipiwa mara tatu jioni na mtu aliyemwita nje ya nyumba. Ushahidi wa mwito ule unaweza kuwa umebaki mahali pamoja tu, ndani ya kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe, kwenye orodha fupi ambayo kila simu mpya inaisukuma nje ile ya zamani. Ndugu akipiga simu ishirini za kutangaza msiba, namba ile imekwenda.

Kwa hiyo taarifa za msiba zipigwe kwa simu za walio hai. Ya marehemu iachwe pale pale ilipo hadi mpelelezi afike: kama inawaka iendelee kuwaka, kama imezimika isiwashwe, na asijitokeze kijana wa kubahatisha namba ya siri. Baada ya mazishi isigawiwe kama urithi, wala isipelekwe kwa fundi kuflashiwa, yaani kufutwa vyote vilivyomo.

Juu ya mnara, nako kuna imani isiyo sahihi. Mtu anasema, "Waitrack tu, itawapeleka mlangoni kwa muuaji." Mnara hautaji nyumba. Kwa kawaida hugawanywa pande tatu, na kumbukumbu inasema simu ilihudumiwa na upande fulani wa mnara fulani. Tabora mjini, minara ya Isevya, Kanyenye na Ng'ambo iko karibu karibu, hivyo eneo linakuwa dogo. Huko kwenye misitu ya miombo ya Sikonge na Kaliua, mnara mmoja unaweza kuhudumia vijiji kadhaa, mashamba ya tumbaku na kambi za warina asali kwa pamoja, kwani katika GSM, teknolojia ya simu za kawaida za 2G, simu inaweza kuwa hadi takriban kilomita 35 kutoka mnarani. Isitoshe, simu haishiki kila mara mnara ulio karibu zaidi. Kilima, msongamano au mnara ulioharibika huipeleka kwingine. Simu janja yenye GPS inaweza kuwa imehifadhi mahali ilipopita kwa usahihi zaidi, lakini kwa kitochi hilo halipo.

Hata nchi zenye vifaa vya kisasa zimejikwaa hapa. Mwaka 2019 Denmark ilisitisha kwa muda matumizi ya data za simu mahakamani, baada ya kugundulika kuwa programu ya polisi ilikuwa ikidondosha baadhi ya taarifa na kukosea mahali pa minara. Zaidi ya kesi 10,000 zililazimika kupitiwa upya. Ndiyo maana ripoti yetu husema simu ilihudumiwa na eneo fulani. Haisemi kwamba fulani alikuwa pale, kwa sababu simu na mwenye simu ni vitu viwili. Kuunganisha viwili hivyo kunahitaji shahidi, alama za vidole, vinasaba (DNA) au muamala wa pesa kwa wakala anayemkumbuka mteja wake.

Hapo usajili wa laini unaingia. Tangu Mei 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, lakini wapo waliowekeshwa kidole mara tatu na msajili wa mtaani bila kujua laini ngapi zilifunguliwa. Piga *106# uone namba zilizo chini ya kitambulisho chako, na usiyoitambua iondolewe. Ikitumika kwenye mauaji, mlango wa kwanza kugongwa utakuwa wako. Vivyo hivyo simu ya mkononi uliyouziwa sokoni kwa bei ya chee bila risiti. Muuaji akichukua simu ya marehemu na kuiuza, siku utakapoweka laini yako ndani yake mtandao unaandika IMEI ile ile pamoja na namba yako, na utatakiwa ueleze umeipataje.

Vielelezo vingine vina kanuni zake, chache. Nguo zenye damu zisifuliwe wala kufungwa kwenye nailoni, kwa sababu unyevu hukuza vimelea vinavyoharibu vinasaba. Mpelelezi huzikausha kivulini na kuziweka kwenye mfuko wa karatasi. Mwili usioshwe kabla daktari hajauchunguza. Naelewa uzito wa kuwaambia hivyo watu wanaotaka kumsitiri mpendwa wao mapema, hasa kwa Waislamu wa Tabora, lakini kilicho chini ya kucha za marehemu aliyepigana na muuaji wake kikioshwa hakirudi, na kufukua kaburi baadaye kunahitaji amri na kunaumiza familia mara ya pili. Kila anayekishika kielelezo aandikwe. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza kwamba safari ya kielelezo tangu kilipochukuliwa hadi kinapofika mahakamani lazima ionekane kwa maandishi.

Ninayasisitiza haya nikiwafikiria pia wanaosingiziwa. Katika mkoa wetu mama mzee akiuawa kwa tuhuma za uchawi, jina la muuaji huanza kutajwa kabla ya matanga kuisha. Kesi ya kwanza kubwa ya jinai kutumia vinasaba, ya eneo la Leicester, Uingereza, ilianza hivyo hivyo: mwaka 1986 kijana mmoja alikiri kuua msichana, polisi wakaamini, kisha vipimo vikaonyesha kuwa si yeye. Muuaji halisi alihukumiwa mwaka 1988. Bila maabara, kijana yule angefungwa kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe.

Kwa familia ambazo jalada lao limekaa miaka bila mtu kukamatwa, kosa la mauaji halifutwi na muda. Kumbukumbu za kampuni za simu hazihifadhiwi milele, kwa hiyo msichelewe. Tafuteni boksi la simu ya marehemu, ambalo IMEI imebandikwa ubavuni, laini yake hata kama imefungwa, risiti za miamala, na nguo yoyote ya siku ile ambayo haijafuliwa. Msizifungue wala kuzisafisha. Nendeni na namba ya jalada katika ofisi ya Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya, mkabidhi kwa maandishi, na mbaki na nakala iliyosainiwa.