Je, wajua kwa nini wanaume peke yao hawawezi kupitisha mkataba wa ardhi ya jamii Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya?

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya, ya mwaka 2016, inasema mkataba wa uwekezaji kwenye ardhi ya jamii si halali mpaka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii hiyo waukubali, tena katika mkutano ulioitishwa kwa shughuli hiyo. Chukua jamii yenye watu wazima 900, nusu yao wanawake. Kura zinazotakiwa ni 600. Wanaume wakija wote, hadi vikongwe na walio mbali malishoni, ni 450. Wamepungukiwa na 150, na hizo hawawezi kuzipata kwingine ila kwa wanawake.

Sasa mbona wanawake wengi wa Lokichar, mji mdogo wa kusini mwa Turkana, na vijiji vya jirani, tangu mafuta yagunduliwe katika kisima cha Ngamia-1 mwezi Machi 2012, wamekuwa wakilalamika kwamba habari huwafikia mambo yakiwa yameshaamuliwa?

Sababu moja ni tarehe. Visima vya kwanza vilichimbwa sheria hii ikiwa bado haijatungwa. Ardhi ilikuwa chini ya udhamini wa halmashauri ya kaunti ya wakati ule, na mwenye kutia sahihi alikuwa ofisini, si kijijini. Hata leo, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hubaki chini ya udhamini wa serikali ya kaunti. Kaunti hairuhusiwi kuiuza, na serikali ikiitwaa, fidia huwekwa kwenye akaunti maalumu yenye riba mpaka jamii isajiliwe. Lakini jamii isiyosajiliwa haina mkutano mkuu unaotambuliwa na sheria, na bila mkutano ile theluthi mbili inabaki kwenye karatasi.

Jamii ikiamua kujisajili, ndipo penye kazi. Huchagua kamati ya watu 7 hadi 15, kisha kamati hupeleka kwa msajili wa ardhi ya jamii jina la jamii, daftari la wanajamii, kumbukumbu za mkutano na kanuni zao. Daftari hilo ndilo linaloamua theluthi mbili ni ya nani. Wanawake 200 wasipoandikwa, ile jamii ya watu 900 inakuwa ya 700, kura zinazotakiwa zinashuka hadi 467, na wanaume 450 wamebakiza watu 17 tu. Hakuna aliyekatazwa kupiga kura. Hawakuhesabiwa, basi.

Na kwa nini mwanamke aachwe nje ya daftari? Kwa Waturkana swali la mwanamke ni wa boma lipi halijibiwi haraka. Mahari hulipwa kwa mifugo, na inaweza kuchukua miaka mingi kwisha. Mpaka iishe, kwa desturi mke na watoto wake bado wanahesabika upande wa baba yake. Karani anapoandika majina, kwa mume anaambiwa huyu bado ni wa kwao, na kwa baba anaambiwa huyu ameshaolewa. Kila upande unadhani mwenzake amemwandika.

Sheria haina utata huo. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema pale mahari inapotakiwa kuthibitisha ndoa ya kimila, sehemu ndogo tu ya ishara inatosha. Na Sheria ya Ardhi ya Jamii inasema anayeoana na mwanajamii anakuwa mwanajamii moja kwa moja. Kwa hiyo mbuzi wachache waliokwisha kupelekwa wanatosha kumwingiza daftarini, hata kama ngamia bado wanadaiwa. Ila kifungu hicho hicho kina kasoro ambayo mimi sijaona ikitetewa vizuri: uanachama huo hudumu hadi wanandoa waachane kisheria na mwanamke aolewe tena, au mjane aolewe tena. Mwanamume akioa tena hatajwi. Yaani sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia na wa hali ya ndoa imeweka sharti la ndoa kwa jinsia moja.

Tuseme jina limeingia. Kinachofuata ni nini kinahesabiwa kuwa hasara, na hapa mwanamke hupotea kwa namna nyingine. Uzio wa eneo la kisima unapowekwa, kilichochukuliwa kinaonekana kirahisi ikiwa kina mwenyewe anayejulikana. Kando ya mito ya Turkana kuna ekwar, vipande vya miti ambavyo familia fulani hutambuliwa kuwa na haki navyo, hasa kwa maganda ya migunga ya kulishia mbuzi wakati wa kiangazi. Mzee atasema ekwar ni yake. Lakini njia ya mkato kwenda kuchota maji, kichaka cha kuni, mikoma, aina ya mitende ambayo majani yake husukwa vikapu na kuezekea akai, nyumba ambayo mwanamke huijenga kwa mikono yake, vyote hivyo havina mtu wa kusema ni vyangu. Vina watumiaji tu. Uzio ukiongeza mwendo wa saa moja kufika majini, saa hiyo haiingii kwenye hesabu ya mthamini, kwa sababu hakuna mali iliyobomolewa. Sheria inataka mkataba uwe na kipengele cha tathmini ya athari za kijamii, na hapo ndipo saa hiyo ingepaswa kuandikwa, ila anayeijua ni yule aliyekuwa akichota maji wakati mkutano ukiendelea.

Kuhusu pesa kelele ni nyingi, nami nitasema kidogo. Sheria ya Petroli ya 2019 inaipa jamii asilimia 5 ya mgao wa serikali ya taifa katika mapato ya mafuta, baada ya mvutano wa miaka juu ya kama iwe 10. Zinapaswa kwenda kwenye mfuko wa amana wenye bodi ya wadhamini. Wanaokaa kwenye bodi hiyo ndio wataamua kama zitachimba bwawa la mifugo au kujenga wadi ya kujifungulia.

Nguvu ya theluthi mbili nayo ina mpaka, wala isitiwe chumvi. Mafuta yaliyo chini si ya jamii. Katiba inayaweka pamoja na ardhi ya umma. Jamii inakubaliana juu ya uso wa ardhi, na serikali inaweza kuutwaa kwa lazima kupitia Tume ya Taifa ya Ardhi na kulipa fidia, bila kura ya mtu. Hata hivyo fidia hiyo ni ya jamii, na wanajamii ni walio kwenye daftari. Mwanamke wa Lokichar anayetaka kujua amesimama wapi aombe kuona karatasi mbili kati ya zilizopelekwa kwa msajili: orodha ya majina, aone kama lake lipo na limeandikwa upande wa nani, na kumbukumbu za mkutano uliochagua kamati, aone waliohudhuria walikuwa wangapi.