Je, magari yanayojiendesha lazima yapate barabara zenye vihisi?

Wengi huamini kwamba gari linalojiendesha haliwezi kuchangamana na magari ya kawaida mpaka barabara ichimbiwe vihisi (vifaa vya kutambua kinachopita) na kufungwa mitambo ya mawasiliano. Mitambo hiyo ina faida yake: taa za njia panda zinaweza kulitangazia gari rangi iliyowaka, hata lori likiziba mbele ya kamera. Lakini mtembea kwa miguu, baiskeli au gari la zamani halitangazi chochote, hivyo gari lazima lione lenyewe kwa kamera, rada au leza ya kupima umbali.

Ndiyo maana mistari ya barabarani ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mstari wenye upana wa sentimita 15 husomeka na kamera kirahisi kuliko wa 10. Usiku, kinachoung'arisha ni shanga ndogo za kioo zilizonyunyiziwa juu ya rangi. Zikichakaa, au maji ya mvua yakizifunika, mwanga wa taa haurudi kwenye gari. Baya zaidi ni kufuta mstari wa zamani kwa kuupaka rangi nyeusi: jua likiwa chini, weusi ule humeta, na kamera huona njia mbili.

Unaweza kukagua mwenyewe. Usiku, ukiwa umeegesha mahali salama, washa taa za chini utazame mstari ulio mita 30 mbele. Rudia mvua ikinyesha. Kibao cha alama za barabarani kinachowaka kwa umeme nacho kirekodi kwa simu: kikipepesa kwenye video ilhali kwa macho kimetulia, kamera ya gari huenda ikakisoma nusu.