Nembo ya metali inayong'aa: dhana potofu na ukweli wake

Nembo nyingi za "dhahabu" na "fedha" zinazotengenezwa kwa Photoshop au GIMP, programu za kuhariri picha, huishia kufanana na plastiki iliyopakwa rangi. Si kwamba zimekosa madoido, yaani vivuli, mng'ao na mapambo mengine ya programu. Mara nyingi zimejaa madoido kupita kiasi. Kinachokosekana ni uakisi. Metali iliyosuguliwa vizuri huonyesha vitu vinavyoizunguka: anga, ardhi, dirisha, taa. Dhana karibu zote zilizo hapa chini zinatokana na kulisahau jambo hilo.

Dhana: Fedha ni kijivu, dhahabu ni njano

Paka herufi rangi yenye msimbo #C0C0C0, ambayo orodha nyingi za rangi huiita fedha, na utapata herufi za kijivu, basi. Jicho hutambua metali kwa mistari ya giza na mwanga inayokaa bega kwa bega. Giza hilo ndilo watengenezaji wengi huliogopa, na bila hilo hakuna kinachong'aa.

Kwa kromu, ile metali ya fedha inayong'aa kama kioo, tumia gredienti (mpito wa rangi moja hadi nyingine) ya wima yenye rangi nne. Juu kabisa weka buluu ya anga, #5B7FA6. Kwenye asilimia 49 weka karibu-nyeupe, #EAF2FA. Kwenye asilimia 50 weka kahawia iliyokolea sana, #2B2320. Chini kabisa malizia na #D9CBB8. Hiyo ni picha ya anga na ardhi, na pointi mbili za katikati ndizo upeo wa macho. Ziache zigusane hivyo hivyo. Ukizitenganisha kwa asilimia 15 au 20, mstari unageuka ukungu na kromu inapotea.

Dhahabu ina kanuni yake. Metali zenye rangi hutia rangi hiyo kwenye mwanga zinaouakisi, ilhali plastiki huurudisha mwanga wa taa ukiwa mweupe ulivyo. Ndiyo maana mng'ao mweupe pe juu ya umanjano husomeka kama plastiki. Mng'ao wa dhahabu uwe wa krimu, #FFF3C4. Mwili wake #D4AF37. Sehemu za kivuli #8A5A14, na kilindini #4A2C0A. Nyeusi na kijivu visiingie kabisa, kwa sababu huifanya dhahabu ionekane chafu. Nyeupe kamili itoshe kwenye vidoa viwili vitatu vyembamba tu.

Dhana: Beveli peke yake inatosha

Beveli, yaani kingo zilizochongwa mteremko, huja na mng'ao mweupe na kivuli cheusi vilivyowekwa tayari. Hivyo viwili ndivyo vya kwanza kubadilisha: kwa dhahabu, weka krimu na kahawia zilizotajwa hapo juu. Kisha, badala ya mchongo laini (Smooth), chagua mchongo mkali (Chisel Hard). Ule laini huzalisha umbo la mto uliojazwa pamba, na metali iliyochongwa haina umbo hilo.

Ukubwa wa beveli upimwe kwa unene wa herufi. Mkono wa herufi ukiwa na pikseli 120, beveli ya 60 hukutana katikati na kutengeneza mgongo mkali, kama herufi iliyochongwa kwa patasi. Beveli ya 8 hadi 15 huacha uso bapa wenye ukingo unaometa. Zote mbili zinapendeza. Kati ya 30 na 40 hupati mgongo wala uso, na hapo ndipo kazi nyingi hukwama.

Kinacholeta uhai zaidi ni mkunjo wa mng'ao (Gloss Contour) ndani ya mpangilio huo wa beveli. Ukiachwa kama mstari ulionyooka, mwanga unapanda mara moja tu kutoka giza hadi weupe. Chagua umbo la pete au la wimbi, na mwanga utapanda, ushuke, kisha upande tena, kama uakisi halisi unavyofanya. Weka pia alama kwenye kisanduku cha kulainisha kingo, la sivyo utaona meno ya pikseli.

Katika GIMP, matokeo hayo hayo hupatikana kwa mkono. Andika herufi nyeupe juu ya nyeusi, weka ukungu wa Gauss wa pikseli 6 hadi 8, tumia filta ya kuinua umbo (Emboss), halafu fungua mikunjo ya toni (Curves) na uchore wimbi: 0 ibaki 0, 64 ipande hadi 220, 128 ishuke hadi 40, 192 ipande hadi 240. Ukungu lazima utangulie. Bila huo hakuna mteremko wa toni wa kukunjwa, na wimbi halina cha kufanyia kazi. Mwisho kata kwa umbo la awali la herufi ili kingo zirudi kuwa kali, kisha tia rangi kwa ramani ya gredienti (Gradient Map): giza liwe kahawia, katikati dhahabu, mwanga krimu.

Leya zote, yaani tabaka za picha, zipate mwanga kutoka pembe moja. Alama ikimulikwa kutoka kushoto na maandishi kutoka kulia, mtazamaji atahisi kasoro hata asipoweza kuitaja.

Dhana: Ngazi kwenye gredienti ni tatizo la skrini

Ngazi, yaani michirizi inayoonekana pale rangi inapopaswa kubadilika taratibu, mara nyingi ni tatizo la faili. Picha ya biti 8 ina viwango 256 tu kwa kila chaneli (nyekundu, kijani na buluu). Gredienti inayotoka #404040 hadi #606060 ina viwango 33. Itandaze kwenye pikseli 1000 na kila ngazi inakuwa na upana wa pikseli 30 hivi, unaoonekana waziwazi. Wimbi kali la toni huzidisha hali hiyo. Fanya kazi kwa biti 16 tangu mwanzo (GIMP inaruhusu tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018), na mwishoni ongeza chembechembe (noise) za rangi moja kwa asilimia 1.

Dhana: Nembo ikipunguzwa, mng'ao nao hupungua

Katika Photoshop, ukiipunguza leya kutoka pikseli 2000 hadi 500, beveli ya pikseli 12 hubaki 12, ingawa ilipaswa kuwa 3. Herufi zinavimba na kuziba. Igeuze leya kuwa kitu mahiri (Smart Object) kabla ya kuipunguza, au tumia amri ya kupima upya madoido (Scale Effects). Na kwa ikoni ya pikseli 32, achana na metali kabisa. Tengeneza toleo bapa la rangi moja.

Dhana: Nyota za mwanga huongeza mng'ao

Hufunika tu udhaifu wa gredienti. Moja, ndogo, kwenye kona inayoelekea mwanga, inaweza kukubalika.

Dhana: Itachapishwa ikiwa inang'aa vile vile

Wino wa CMYK, yaani rangi nne za kawaida za uchapishaji, hauna metali ndani yake. Gredienti yako itatoka kama picha ya metali, tena iliyopoa kidogo, na haitabadilika karatasi ikigeuzwa kwenye mwanga. Mng'ao wa kweli unahitaji wino maalumu, kama zile za mfumo wa rangi wa Pantone, 877 kwa fedha au 871 kwa dhahabu, au foili (utando mwembamba wa metali) inayobandikwa kwa joto na shinikizo. Kwa njia zote hizo, mchapishaji hahitaji gredienti wala beveli. Anataka umbo bapa la vekta (lililochorwa kwa mistari badala ya pikseli), rangi moja, asilimia 100, bila kivuli, likiwa kwenye leya yake na limepewa jina la wino au foili husika. Muulize mapema unene mdogo kabisa wa mstari anaoukubali: foili huziba matundu madogo ya herufi kama "e" na "a", na mistari myembamba mno hukatika.